Ampu ya gitaa ya tyubu ya mtumba baada ya miezi nane: chaneli inaruka, mido haifanyi kazi, na bado siiuzi

Nimekaa nayo miezi nane ndo naandika, wiki ya kwanza sikutaka kwasababu wiki ya kwanza kila ampu ni nzuri. Ni kombo, yaani ampu na spika kwenye boksi moja, ya tyubu, wazee wanaita valvu kama zile za redio za zamani, wati 40, spika moja ya inchi 12, nyuma kuna tyubu mbili kubwa za 6L6 na tatu ndogo za 12AX7 (ukiona imeandikwa ECC83 ni hiyohiyo, jina la Ulaya tu). Chaneli mbili, klini (sauti safi) na distosheni (sauti ya kuunguruma ya roki), rivabu yaani mwangwi wa springi chini ya boksi, na ikwalaiza moja ya besi, mido na trebo ambayo chaneli zote mbili zinaitumia. Hapo kwenye ikwalaiza moja chaneli mbili pakumbukeni maana ntaparudia.

Nimeinunua Dar kwa mtu anayeleta vyombo vya muziki mtumba kutoka Ulaya, milioni moja na laki nne, na ni ya volti 230 kwahiyo naichomeka ukutani moja kwa moja. Jina la kampuni sitaliweka, ampu imepita mikono mingi na ina miaka yake, siwezi nikasema kosa ni la aliyeitengeneza.

Sauti kwanza. Napiga rithimu kwenye bendi ya dansi na Jumapili niko kanisani, na kwenye dansi klini ndo maisha yenyewe, rithimu ikikosa ule mng'ao wa juu inamezwa na kinanda na tumba mtu hajui hata kama upo jukwaani. Hii ampu klini yake ni kama kengele, unagonga nyuzi tatu za juu kwa kukata na kila nyuzi inasikika peke yake, halafu ukikaza mkono inabana kidogo yenyewe bila pedali. Nimepiga ampu za transista, zile zisizo na tyubu, miaka mingi, nzuri tu, ila hii kitu ya sauti kufuata mkono wako sikuwahi kuisikia hivi. Kwahiyo yote ntakayoyalalamikia hapa chini myasome mkijua mimi hii ampu naipenda sana na ntabaki nayo.

Sasa shida. Dukani niliijaribu dakika kama kumi, ikalia vizuri, nikalipa, tukaipakia kwenye kirikuu nikaenda nayo. Jumamosi ya kwanza ukumbini ilipofika kama dakika ishirini tangu tuanze sauti ikashuka, haikuzima, imeshuka tu kama mtu kaifunika blanketi, nikapandisha volyumu, baada ya wimbo mmoja ikarudi yenyewe kwa kishindo kila mtu akageuka. Wiki ya pili ikaja nyingine, nikibonyeza swichi ya mguu kwenda distosheni inaenda, inakaa kidogo, inarudi klini yenyewe katikati ya solo ya kanisani. Na ya tatu ambayo kumbe ilikuwepo tangu dukani ila sikuigundua, mido ukiizungusha toka sifuri mpaka kumi hamna kinachobadilika, na besi na trebo zinabadilisha kidogo mno, sauti yote ipo katikati, ya puani, na kubwa kuliko inavyotakiwa. Juu ya hapo besi ukiigusa inakwaruza krrr krrr kwenye spika.

Nilichofanya kwanza ndo wengi tunachofanya, nikaambiwa "kaka hizo tyubu zimechoka", nikaagiza 12AX7 tatu mpya za Slovakia, laki mbili na kumi na usafiri, nikasubiri wiki tatu, nikazichomeka, HAKUNA kilichobadilika. Hata kimoja. Ela imeenda. Tyubu zangu za zamani zilikuwa nzima na mpaka sasa ndo ziko ndani, zile mpya nimezitunza za akiba.

Siyo kwamba tyubu haiwezi kuua chaneli, inaweza na ni vizuri kujua inavyoweza. Ndani ya kichupa kimoja cha 12AX7 kuna tyubu mbili kamili, na mtengenezaji anaweza kutumia nusu moja kwenye klini na nusu nyingine kwenye distosheni, na kila nusu ina uzi wake wa kupasha moto, kwahiyo nusu moja inaweza ikafa nyingine inawaka na wewe ukichungulia unaona mwanga unasema ni nzima. Ndomana kuangalia mwanga peke yake haitoshi. Unachotakiwa kuwa nayo ni 12AX7 MOJA tu nzima ya kupimia, unazima ampu, unasubiri ipoe, unatoa tyubu moja unaweka hio, unawasha unasikiliza, haijasaidia unairudisha ya mwanzo unaenda inayofuata. Hizi ndogo hazihitaji kurekebishwa kitu ukizibadilisha. Zile kubwa za 6L6 usicheze nazo hivyo, zinaenda kwa jozi iliyolingana na fundi inabidi apime bayasi, yaani umeme tyubu inaokula ikiwa imetulia. Na ukitaka kujua tyubu inayopiga kelele, ampu ikiwa imewashwa igonge taratibu na kijiti cha mti kikavu, ile mbovu inalia kwenye spika kama mtu anagonga kioo.

Baada ya tyubu kushindwa nikampelekea fundi wa kwanza, ambaye alifungua akapulizia sprei ile ya kulegeza nati zenye kutu kwenye visu vyote (vile vya kuzungusha) na jeki zote, elfu thelathini. Siku mbili ikawa kama imepona halafu ikarudi ileile na vumbi likaanza kunata kwenye yale mafuta. Jamani ile sprei siyo ya potenshiomita, kile kidude cha umeme kilicho nyuma ya kila kisu. Kuna kontakti klina yake ya vifaa vya umeme, uliza dukani upate hio hio.

Ndo mpiga besi wetu akanipeleka kwa mzee mmoja fundi redio, anakaa Temeke, kazi yake toka ujana ni redio na magramafoni. Na hapa rivyu inakuwa ya watu wawili, ampu na huyu mzee, maana bila yeye ningekuwa nshaiuza kwa hasara. Nikamsalimia shikamoo mzee wangu, nikaanza kumwambia ampu imekufa chaneli, akanikatisha, "Mwanangu usiniambie imekufa, niambie inakufa saa ngapi, na ikifa nini kingine kinakufa nayo." Sikuwahi kufikiria hivyo. Akanikalisha na karatasi nikaandika kila kitu, sauti kushuka ni chaneli zote mbili au moja? Zote. Chaneli inaporudi yenyewe, rivabu ipo? Nikakumbuka, kweli aisee, rivabu nayo huwa inapotea wakati huohuo na taa ya chaneli inafifia. Mido haifanyi kazi kwenye chaneli moja au mbili? Mbili, maana ikwalaiza ni ile moja niliyowaambia mpakumbuke. Hakuwa hata ameshika bisibisi.

La kwanza, sauti kushuka. Akasema kama inashuka kwenye chaneli zote mbili basi usitafute kwenye chaneli, tafuta zinapokutana na kuendelea. Nyuma ya ampu kuna jeki mbili za kuunganishia pedali za efekti, zimeandikwa send na return, yaani sauti inatoka kwenye moja inaenda kwenye pedali zako inarudi kwenye nyingine. Ukiwa hujachomeka kitu, sauti inapita ndani ya ile jeki ya kurudishia kwenye kibati kidogo kinachogusana na kingine. Hicho kibati kikishika kutu sauti yako YOTE inapita kwenye kutu. Na sisi tunakaa pwani, hewa ina chumvi, ampu imekaa stoo sijui miaka mingapi. Akachukua waya mfupi wa gitaa akachomeka huku na huku, toka send kwenda return, sauti ikajaa. Ampu ikakaa hivyo saa nzima haijashuka hata mara moja. Dakika moja kupima, waya wa gitaa ambao kila mpiga gitaa anao begini. Nilitoa laki mbili na kumi kabla ya kujua hiki kitu, kwahiyo nakiandika kwa herufi kubwa: CHOMEKA WAYA SEND KWENDA RETURN KABLA HUJANUNUA TYUBU. Akabadilisha jeki zote mbili, elfu sita.

Na hizo jeki zina faida nyingine, ukiwa na ampu nyingine pembeni unachukua sauti toka send unaipeleka huko, ikiwa safi ujue sehemu ya mbele ni nzima ugonjwa uko upande wa nguvu, na ukichomeka kitu kingine moja kwa moja kwenye return na ikalia vizuri basi upande wa nguvu mzima, ugonjwa uko mbele. Umeshaigawa ampu mara mbili bila kufungua skrubu.

La pili, chaneli kuruka. Wengi tunadhani ni swichi ya mguu, na kweli anza nayo, ichomoe kabisa utumie kitufe cha mbele ya ampu, kama ugonjwa umeisha basi ni swichi au waya wake au jeki yake. Wangu haukuisha. Mzee akaniambia nisogeze sikio nibonyeze, nisikilize. Kwenye ampu ya aina hii kubadilisha chaneli kunafanywa na relei, kale kaswichi kadogo ka umeme, na ikibadilika inalia tik. (Siyo ampu zote, nyingine zinatumia transista au kidude cha mwanga, hizo hazilii.) Ikilia tik na sauti haibadiliki, wasiwasi uwe kwenye relei yenyewe, miguso yake imechakaa. Isipolia tik kabisa, relei haipati umeme au haipati amri. Yangu ikiwa baridi tik ipo, ikipata moto tik inapotea. Na rivabu inapotea nayo na taa inafifia, kwahiyo vitu vitatu vinakosa chakula kwa pamoja, ina maana jiko lao ni moja.

Hilo jiko ni umeme mdogo, kwenye ampu yangu kama volti 16 chanya na 16 hasi, unaolisha relei na vichipu vya rivabu, na unapatikana kwa resista (vipande vya kupunguza umeme) mbili kubwa za wati 5 na daiodi za zena zinazoshikilia volti zisipande. Hizo resista zinachemka sana muda wote ampu ikiwa imewashwa. Alipofungua akanionyesha, bodi chini yake imegeuka kahawia kama mkate ulioungua na risasi ya kuchomelea kwenye mguu mmoja ina duara la ufa, nyembamba kama unywele, usipotumia lenzi huioni. Ikiwa baridi mguu unagusa, ikipata moto inatanuka inaachia. Ndo maana dukani dakika kumi ilikuwa nzima! Akaondoa risasi ya zamani yote, akaweka resista mpya, safari hii akaziinua juu ya bodi kama nusu sentimita hewa ipite chini, akachomea upya. Tangu siku hio chaneli haijaruka tena. Elfu nne za vifaa.

La tatu ikwalaiza, na hapa ndo nilijifunza zaidi. Ikwalaiza ya ampu ya gitaa siyo kama ya redio ya gari. Haiongezi kitu, inapunguza tu, na visu vyote vitatu vimeshikana, ukigusa trebo umegusa na mido. Kwenye mpangilio wa Fender, kampuni ya ampu na magitaa ya Marekani, ukiweka zote sifuri sauti karibu inaisha kabisa, watu wanadhani ampu imekufa kumbe ndo inavyotakiwa. Ampu ya kwanza ya kampuni ya Marshall ya Uingereza, JTM45, ilichukuliwa kwenye Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 50 kwahiyo familia hizi mbili kubwa mpangilio wao ni ndugu, namba za vipande ndo zinatofautiana. Kwahiyo kabla ya kusema ikwalaiza mbovu jua kwanza nzima inafanyaje.

Kwenye mpangilio huo potenshiomita ya mido ipo chini kabisa na kupitia yenyewe ndo ikwalaiza nzima inashuka kwenye ardhi, yaani sifuri ya umeme wa ampu. Ikikatika pale chini, ikwalaiza yote inaning'inia hewani, haina pa kumwagia inachopunguza, kwahiyo sauti inakuwa kubwa, ya katikati, na visu vyote vitatu vinakuwa kama mapambo. Ndo dalili zangu neno kwa neno. Mzee alikuwa anajua kabla hajafungua. Mguu wa potenshiomita ya mido ulikuwa umepasuka kwenye bodi, maana kwenye ampu kama hizi potenshiomita zinachomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na kile kisu mbele kikigongwa, kwenye kirikuu, mlangoni, mguu wa nyuma ndo unaumia. Akachomea, akaunganisha na kipande cha waya, mido ikarudi. Nilipozungusha mido toka kumi kushuka nikasikia ile sauti ya dansi inafunguka mbele yangu, nilinyamaza kabisa.

Dalili nyingine alizonitajia nami naziweka kama alivyosema. Sauti ikibaki nyembamba ya juu tupu, hamna besi wala mido, mtuhumiwa ni ile resista moja inayolisha besi na mido, kilo-omu 100 kwenye mpangilio wa Fender, ikikatika kinachobaki kupita ni trebo tu. Sauti ikiwa butu na trebo haifanyi kitu, angalia kale kakapasita kadogo ka trebo, mara nyingi pikofaradi 250. Sauti ikikatika ukiwa kwenye namba fulani tu ya kisu halafu inarudi, hapo ndo potenshiomita yenyewe, ni chafu au imelika, ndo kazi ya kontakti klina, puliza kidogo zungusha mara ishirini thelathini.

Lakini ile krrr ya besi haikuisha hata baada ya klina, na hii fundi wa kwanza asingeipata milele. Mzee akaweka mita kwenye mguu wa potenshiomita ya besi, ikasoma volti 7 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri). Inatakiwa sifuri. Kapasita ya besi, ile ya maikrofaradi 0.1, kazi yake ni kuzuia umeme mkubwa wa tyubu usipite na kuruhusu sauti tu, ilikuwa inavujisha. Volti zikipita kwenye potenshiomita kila unapoizungusha inakwaruza hata ikiwa mpya toka boksini. Unaweza ukapulizia chupa tano za klina, inavuja tu. Akabadilisha kapasita, kimya.

Kwa anayetaka kufungua mwenyewe, tafadhali, hii siyo redio ya betri. Ndani kuna volti zaidi ya 400 na kapasita zinaendelea kuzishika hata ukichomoa waya ukutani. Mzee anachomoa, anasubiri, anazimwaga kwa resista yenye mpini, anapima na mita mpaka zifike karibu na sifuri, ndo anaingiza mkono, mkono mmoja mwingine mgongoni, na amefanya hii kazi miaka yote. Vitu vya kufanya mwenyewe ni vya nje, waya kwenye send na return, kuchomoa swichi ya mguu, kubadilisha tyubu ndogo, kusikiliza tik. Na usiwashe ampu ya tyubu bila spika kuchomekwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua na hio ni moja ya vipande vya bei mbaya humo ndani.

Gharama zote za mzee, vifaa na kazi, laki moja na elfu hamsini, siku nne, na vipande vibovu alinirudishia kwenye mfuko wa nailoni nivione. Kazi yake nyota tano, hana haraka, ukimsukuma anakuambia njoo kesho, mvumilie.

Ampu yenyewe naipa nne. Klini tano bila ubishi. Distosheni yake ya kawaida, kwa kwaya inatosha, kwa roki nzito weka pedali. Uzito kama kilo 20, bila msaidizi kupanda nayo ngazi ni kazi. Ukienda kununua ya namna hii dai saa nzima iwake, usikubali dakika kumi, piga chaneli zote, zungusha kila kisu mwanzo mpaka mwisho, badilisha chaneli mara thelathini ikiwa imeshapata moto, nenda na waya mfupi wa send na return. Muuzaji akikataa saa moja toka dukani. Na kama nyuma imeandikwa 120V ni ya Marekani, hio inataka stepdauni (transfoma ya kushusha umeme wa ukutani), yangu inakula kama wati 180 kwahiyo kwa ampu kama hii usichukue stepdauni chini ya 300, na stepdauni yenyewe iweke kwenye bei kabla hujapatana.

Jumamosi iliyopita tulipiga mpaka saa nane usiku, masaa matano imewaka mfululizo, chaneli haijaruka. Kilichobaki ni muungurumo kidogo ukiwa hupigi, mzee anasema ni wa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) maana yake kapasita kubwa za umeme zimezeeka, ungekuwa wa hezi 50 angetafuta kwingine. Nshaziagiza, zikifika nampelekea.